Wakristo wa Dar tumekuwa mabingwa wa kuzika. Kuzikwa je, tumejiandaa?

Mkaa Kimara (mleta mada)

Wakuu, heri ya Jumapili.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa michango ya misiba, mada si hiyo. Nazungumza na Wakristo wenzangu wa madhehebu yote. Mimi ni Mlutheri, ila sijaja hapa kutetea dhehebu.

Nipo kwenye kamati ya misiba ya jumuiya yetu huku Kimara kwa miaka mingi sasa, na bila kujisifu nawaambia: kuzika tunajua. Mtu akikata roho saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi turubai limeshasimama, viti vimepangwa, na kwenye kundi la WhatsApp mweka hazina anabandika majina ya waliotoa. Tunajua nani apigiwe simu ya gari la kupeleka mwili Moshi au Mbeya, nani ana spika zisizokoroma, mama gani akishika jiko chakula hakipungui. Sare za vitenge zinapatikana ndani ya siku moja. Wasifu wa marehemu unachapwa na picha ya rangi, na humo ndani hajawahi kutokea mtu mbaya. (Kama wasifu tunaosoma makaburini ungekuwa kweli tupu, shetani angeshafunga ofisi mkoa huu.)

Shida huanza jioni ya siku ya pili, wazee wakishaingia chumbani na kufunga mlango. Hati ya kiwanja haionekani. Vikoba wanadai. Nyuma ya turubai kuna mama amekaa na mtoto ambaye sura yake haihitaji kipimo cha DNA. Simu ya marehemu ina nywila, na pesa zote zimo humo. Marehemu na kaka yake walikuwa hawasalimiani tangu mirathi ya baba yao, na kaka huyo ndiye anayesubiriwa atupe udongo wa kwanza. Marehemu mwenyewe kanisani alikuwa anakaa benchi la mbele.

Nieleze moja tu, nikibadilisha mambo kidogo yasitambulike. Mzee mwenzetu, mtu wa heshima, mwanakwaya. Siku ya kuaga MC akasimama kama ilivyo ada: kama kuna mtu anamdai marehemu, au anadaiwa na marehemu, amwone msemaji wa familia. Kimya. Wenye suti wakaangaliana. MC akasema tumshukuru Mungu, mzee wetu ameondoka hana deni. Mimi muda huo nilikuwa nimezunguka nyuma kuulizia maji ya kunywa. Dada wa kazi wa nyumba ile alikuwa amechuchumaa kwenye beseni anasugua sufuria la pilau kwa stilwaya, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Spika inasikika mpaka kule. Akamwambia mwenzake aliyekuwa anasuuza, "Na miezi mitano yangu namdai nani?" Wala hakuacha kusugua.

Kamati tulimlipa baadaye, ila kwa pesa za rambirambi, si za mzee.

Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sasa lile tangazo la MC linawauliza waliokaa kwenye viti. Wanaotudai kweli mara nyingi hawana viti.

Na sio kwamba jiji hili halituonyi. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, Machi 29, watu wengine wakiwa wanajiandaa kwa ibada, ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilishuka na kuua watu 36. Machi 21, 2021 watu walimiminika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli, wakakanyagana, wakafa 45; walikwenda kuaga, wakaagwa wao. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, Kariakoo, watu wamefungua maduka kama kawaida, jengo likawafunika. Kila mara likitokea jambo kama hili hakosekani mtumishi wa kutuambia ni dhambi ya nani. Yesu aliletewa habari ya namna hii, akataja mwenyewe wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? "Nawaambia, Sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." (Luka 13:5). Yaani walitaka wawajadili waliokufa, yeye akawageuzia wao waliosimama. Kisha bila kupumzika akatoa mfano wa mtini usiozaa, unaoombewa mwaka mmoja zaidi upaliliwe na kutiliwa samadi. Mimi nasoma hivi: tunaorudi salama kutoka Kariakoo jioni ndio tuliopewa huo mwaka.

Nabii Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia hakumwambia atafute mahali pa kutubia. Alimwambia, "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Luther naye mwaka 1519 aliandika mahubiri juu ya kujiandaa kufa, na ajabu ni kwamba hakuanzia mbinguni. Alianza na mali: mtu agawe vitu vyake waziwazi, ndugu wasije wakagombana. La pili, asamehe na aombe msamaha. Ndipo macho yaelekee kwa Mungu.

Hoja yangu ni hiyo. Kumcha Mungu na kuwa tayari kwa hukumu yake kunaonekana kwenye mishahara tunayolipa, madeni, wosia, na watu tusiosalimiana nao. Mkesha wa kutishwa na moto wa jehanamu mpaka watu wanagaragara sakafuni, halafu Jumatatu mtu anarudi kupunja mzani, huo mimi siuiti kumcha Mungu.

Swali kwenu: ukiitwa usiku huu, ni nani atabaki na chako, na wewe utaondoka na cha nani?

Chachandu

Mkuu umeniharibia Jumapili. Nilikuwa naangalia zangu mpira. Ngoja nikae paleee nisome wachangiaji.

Binti Sayuni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Kaka Mkaa, umeandika vizuri lakini kuna hatari hapo. Unatupeleka kwenye kuokolewa kwa matendo. Mimi nimeokoka, na Yohana 5:24 inaniambia anayeamini ana uzima wa milele, "wala haingii hukumuni, bali amepita kutoka mautini kuingia uzimani." Sasa hukumu ya kuniogopesha ni ipi? Yule mnyang'anyi msalabani hakulipa deni la mtu hata mmoja. Hakuandika wosia. Hakumrudishia mtu ng'ombe wala punda. Aliomba akumbukwe tu, akaambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Neema ni neema, tusiiwekee masharti ya kamati ya misiba.

Mkaa Kimara

Binti Sayuni, amina dada yangu, na neema siipingi. Lakini huyo mnyang'anyi mwangalie vizuri. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Kilichobaki huru kilikuwa kinywa, na kinywa hicho alikitumia chote: alikiri kwamba anastahili adhabu, akamtetea Yesu, akamkemea mwenzake. Na alimwambia nini? "Wewe humwogopi hata Mungu, nawe u katika hukumu iyo hiyo?" Kumcha Mungu na hukumu, vyote viko kwenye sentensi moja ya mtu anayekufa.

Zakayo mikono yake ilikuwa huru. Huyo alisimama sebuleni kwake akasema atarudisha mara nne. Mimi na wewe bado mikono tunayo, tena ina simu yenye M-Pesa.

Dereva Bajaji

Mada nzuri ila mbona mnawabana waumini peke yao? Kanisa lenyewe je? Mtaani kwetu alikufa mama, muuza vitumbua, familia ikaenda parokiani (jina sitaji), wakaulizwa kadi ya zaka. Halafu barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Kadi ilikuwa na mapengo. Mwisho akazikwa na katekista, haraka haraka, watu wamenuna. Wiki ile ile tajiri mmoja ambaye hata Pasaka hatukumuona, misa ya mazishi, mapadre watatu. Hukumu hapo inaanzia wapi?

Mama Jumuiya

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwanangu Dereva, pole kwa huo msiba. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya, na hayo unayosema yapo, yananiudhi hata mimi. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1184, inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: waliokana imani hadharani, wazushi, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wakosefu wa wazi ambao kuwazika kungekwaza waamini, nao pia iwe hawakuonyesha toba yoyote kabla ya kufa. Mwenye mapengo kwenye kadi hayumo. Huo utaratibu wa kadi tumeuweka sisi kusukumana watu waje jumuiya, na sisemi jumuiya haina maana, maana asiyekuja hatujui hata anaumwa. Lakini kumwadhibia mtu jeneza lake ni jambo ambalo sisi viongozi tutakuja kuulizwa.

Nirudi kwenye mada. Sisi Wakatoliki hili la kufa tumelishwa tangu utoto mpaka hatulisikii tena. Kila Salamu Maria tunasema utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Sala ya rozari moja ya mafungu matano ina Salamu Maria zaidi ya 50. Hesabu mwenyewe mtu wa miaka sitini ameiombea hiyo saa mara ngapi. Halafu saa yenyewe ikifika familia inamficha padre! Naitwa kwa mgonjwa Sinza, nawaambia tumwite padre ampe mpako, wananivuta pembeni: "Mama, atajua anakufa." Lakini anajua! Ninyi ndio hamtaki kujua. Mpako wa wagonjwa si muhuri wa kufia, unatolewa mtu akianza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na akipona akaugua tena anapewa tena. Tunasubiri mpaka mgonjwa hawezi kufungua kinywa, padre anafika anakuta hakuna wa kuungama. Huko ndiko kumpenda mgonjwa?

Chachandu

Mama Jumuiya shikamoo. Hapo kwa padre kufichwa umenikumbusha nyumbani kabisa.

Natafuta Maisha

Wakuu kwa heshima zote, mimi nina miaka 26, nimepanga chumba Tabata, natafuta. Nikianza kuwaza kifo kila siku si nitashindwa hata kuamka? Hayo ni ya wazee. Sisi tuacheni tujenge kwanza, tukifika hamsini tutatengeneza hayo mambo ya nyumba. Nyumba yenyewe sina.

Mama Jumuiya

Mwanangu, Kanumba yule mwigizaji wa filamu alikuwa na miaka 28. Alifariki Aprili 7, 2012, Jumamosi Kuu, kesho yake Pasaka. Wewe pengine ulikuwa mtoto, mimi naukumbuka umati uliomsindikiza makaburi ya Kinondoni, wasichana wanazimia, watu wamepanda juu ya miti. Sisemi lolote juu ya roho yake, Mungu ndiye anayejua. Nasema umri hauna mkataba.

Na kuhusu kushindwa kuamka: Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake wawe na mauti mbele ya macho yao kila siku. Hao watawa hawakukaa wakilia. Pale Pugu Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1888, Januari 1889 ikavamiwa wakati wa vita vya Abushiri, baadhi yao wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Unadhani waliobaki walirudi kwao? Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu unalolipita ukienda feri walianza kulijenga 1897, likakamilika 1902. Wanaokumbuka kifo ndio waliotujengea.

Natafuta Maisha

Hapo umenikamata mama. Naendelea kusoma.

Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi, hospitali sitaji. Niwaambie kitu ambacho watu wa kanisani hamkijui kwa sababu mnakuja saa ya kuona wagonjwa, mnaomba, mnaondoka.

Watu wengi wamejipangia kwamba watatubu wakiugua. Mgonjwa mwenye maumivu makali hatungi sala. Tukimpa dawa ya maumivu ya nguvu anasinzia, akiamka anauliza kama chai imekuja. Wengine ini au figo zikishindwa kazi wanachanganyikiwa, wanaita majina ya watu waliokufa zamani. Hizo siku za mwisho mnazoziwekea akiba, wengi hawazipati wakiwa na akili timamu.

Na wanaopata, mara chache wananiuliza mambo ya mbinguni. Wananitajia mtu. Kulikuwa na baba mmoja yuko kwenye oksijeni, saa nane usiku anavuta barakoa pembeni aniambie nimpigie dada yake wa Tandika. Waligombana kwa ajili ya kiwanja. Namba hana kwenye simu, aliifuta, lakini anaikumbuka kichwani, akanitajia tarakimu moja moja, akipumzika kila baada ya mbili. Nikapiga. Akapokea mwanaume wa Tabora, ameinunua laini dukani juzi tu, ananiuliza mimi nani na kwa nini naamsha watu. Baba akaniuliza, "Amesemaje?" Ningesema nini? Nikamwambia mtandao unasumbua, tutajaribu asubuhi.

Kwa hiyo mleta mada mimi nakuunga mkono, ila ongeza na hili: pigeni simu namba zingali zao.

Msafiri wa Buguruni

Asalaam aleykum na heri kwenu. Mimi Muislamu, nimepita tu nikavutiwa. Kwetu deni la maiti linalipwa kabla warithi hawajagusa kitu, na wasia hauzidi theluthi ya mali. Lakini tangazo la madeni na sisi tunalitoa pale pale kwenye jeneza, na dada wa sufuria na sisi tunaye. Tuko pamoja kwenye aibu hiyo.

Wakili wa Kona

Kwa kuwa mleta mada amegusa wosia, niongeze kidogo kitaalamu, maana hapa ndipo Mkristo wa Dar anapokwama kwa kuogopa uchuro. "Nikiandika nitajichuria." Nina wateja wenye digrii tatu wanaosema hivyo.

Wosia haukuui. Uandike kwa kalamu ya wino au uchapwe, weka tarehe, taja mali zako na nani apate nini, taja msimamizi wa mirathi unayemwamini, kisha saini mbele ya mashahidi. Kwa wosia wa kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki; asiyejua anahitaji wanne. Na hao mashahidi wasiwe watu unaowarithisha. Nakala weka RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kutunza wosia, au benki, au kwa wakili. Usifiche chini ya godoro, shemeji yako godoro atalifikia kabla ya watoto. Nyumba mliyochuma na mwenzi wako usiigawe yote kama yako peke yako, unaweza kuusia sehemu yako tu. Na yule mtoto wa nyuma ya turubai, mtaje. Ukimtaja ukiwa hai ni ugomvi wa wiki chache, tena ugomvi ambao wewe upo kujibu. Ukimwacha kwa mahakama, anayejibu ni mama yake, mbele ya ukoo mzima.

Mzee wa Zaburi

Kijana wangu Mkaa, nimekusoma tangu asubuhi nikanyamaza, nikitegemea mtu ataliona hili. Sasa naona nimalizie mimi.

Umeifanya hukumu kuwa kikao cha wadai. Deni lilipwe, sikatai, na yule dada apewe haki yake kabla jua halijatua, ndivyo Torati inavyoagiza. Lakini siku ile tutasimama mbele ya Mungu, na Waebrania inamwita moto ulao, inatutaka tumwabudu kwa unyenyekevu na kicho. Kicho hicho kwetu kimekwisha. Nimekwenda kuaga mwili juzi, vijana wamepanga foleni, kila mmoja anafika kwenye jeneza anainua simu juu, anampiga picha marehemu usoni, anasogea. Pasta anaomba, huku watu wanajibu meseji. Biblia inasema heri kuiendea nyumba ya matanga kuliko nyumba ya karamu, kwa sababu aliye hai atayatia hayo moyoni mwake. Sisi tunayatia kwenye status.

Halafu soma Mathayo 25 vizuri. Wale kondoo wa mkono wa kuume wanaambiwa mlinilisha, mlinivika, nao wanashangaa: Bwana, ni lini tulipokuona una njaa? Hawakuwa wameandika popote. Mtu anayemlipa mfanyakazi wake ili faili lake kwa Mungu liwe safi bado anafanya biashara. Hezekia unayemtaja, umesahau mwisho wake. Aliambiwa atengeneze mambo, akaomba, akalia, akaongezewa miaka kumi na tano, na ndani ya miaka hiyo akazaliwa Manase, aliyekuja kuwa mmoja wa wafalme waovu kabisa wa Yuda. Kwa hiyo hata miaka ya nyongeza na nyumba iliyotengenezwa havikuokoi. Mwanadamu anafika pale mikono mitupu.

Mkaa Kimara

Mzee wangu, shikamoo. Hili la simu kwenye jeneza nalibeba nalo, tutaliweka kwenye utaratibu wa jumuiya: simu zibaki nje ya foleni.

Kwenye Mathayo 25 nakubali nusu. Kweli kondoo hawakuhesabu. Lakini na mbuzi nao walishangaa, mzee. Nao waliuliza ni lini tulipokuona. Kutokuhesabu peke yake si utakatifu, wapo wasiohesabu kwa sababu hawajali. Na yule dada kwenye beseni, ukimlipa kwa upendo au ukimlipa kwa kuogopa kuulizwa, anakwenda dukani na pesa ile ile. Moyo wangu Mungu ataushughulikia. Mshahara wake hauwezi kusubiri moyo wangu ukae sawa.

Kuhusu mikono mitupu, hapo tuko pamoja kabisa. Luther alipofariki mwaka 1546 walikuta karatasi aliyoandika, inaishia kwa kusema sisi ni ombaomba, ndiyo kweli. Na yale mahubiri yake niliyoyataja yanasema kifo ukiwaze ungali mzima, kikiwa mbali. Ila saa yenyewe ikifika, usikitazame kifo wala dhambi zako, mtazame Kristo.

Binti Sayuni

Haya sasa, hiyo sentensi ya mwisho ungeanza nayo tusingebishana kutwa nzima 😂

Mzee wa Zaburi

Marahaba. Bado nasema moyo kwanza.

Zamu ya Usiku

Mzee nakuheshimu, ila ungekuja zamu moja na mimi.

Chachandu

Wakuu nimekaa pale mpaka nimechoka kukaa. Naomba kuuliza, msinicheke. Nilikuwa nadaiwa na Mangi mmoja mwenye duka mtaani kwetu, deni la unga na mafuta enzi nimeachishwa kazi. Mangi alishafariki. Aliandika kwenye daftari lakini sijui daftari liko wapi. Sasa hapo hukumu inakuwaje? Aliyekuwa ananidai hayupo.

Wakili wa Kona

Deni halifi na mdai, linakuwa sehemu ya mali yake. Mlipe msimamizi wa mirathi, kama hayupo nenda kwa warithi.

Mzee wa Zaburi

Hesabu 5:8. Kama hana jamaa wa karibu wa kurudishiwa, kinarudishwa kwa BWANA, kinakuwa cha kuhani. Kwa hiyo hata Musa hakukuacha utokee mlango wa nyuma. Warithi wapo?

Chachandu

Mwanawe ndiye anauza pale pale. Ndiyo maana huwa napita upande wa pili wa barabara.

Mama Jumuiya

Chachandu mwanangu! Kiasi gani?

Chachandu

Elfu themanini na kitu mama. Nitakwenda kesho, leo Jumapili amefunga.

Dereva Bajaji

Lipa Namba imebandikwa mlangoni, haifungi.